Shamba la Karanga Lililofagiwa

Harufu ya karanga mbichi zikichemshwa sokoni Arua hunirudisha Lurujo. Kila nikirudi huko kwa mawazo, nakasirika kwanza, halafu nacheka, halafu nanyamaza. Mke wangu amezoea. Husema, "Haya, umeanza tena helikopta yako."

Nilikuwa fundi wa ndege jeshini. Helikopta yetu moja ilipoanguka katika shamba la karanga kule Lurujo, upande wa Koboko, walinitia katika timu ya kuchunguza chanzo kwa kuwa najua injini na najua lugha za kwetu. Jambo moja hawakulijua. Rubani, aliyekufa peke yake mle ndani, alikuwa rafiki yangu tangu utoto wetu Logiri. Tuliiba mihogo pamoja, tukachapwa pamoja. Mama yake ndiye aliyetuchapa, kisha akatupa enyasa, ugali wetu wa muhogo, na mboga za ufuta, eti tusife njaa na kiburi chetu.

Baada ya maziko nilipita kwake kabla ya kwenda Lurujo. Hakuwa akilia. Alinishika mkono. "Mwanangu, ukijua kilichomuua, njoo uniambie mwenyewe. Hata kama ni kibaya." Nikamwahidi.

Tulipofika, loo! Shamba limefagiwa. Nasema limefagiwa, hata unyayo huoni. Kwa watu wale, mahali mtu alipofia hapaachwi pachafu. Ni kumtupa marehemu mara ya pili. Basi wanawake walifagia, wakakusanya vyuma vyote pembeni, vikubwa huku, vidogo kule, vimepangwa kama kuni.

Sisi wachunguzi tunasoma ardhi: kipande gani kiliangukia wapi. Mkuu wetu, mtu wa Kampala, alishika kichwa akauliza nani amewaruhusu kugusa. Mwenye shamba, mama wa makamo, akamjibu kwa Kiswahili chetu cha huku, "Wewe nakasirika nini? Mutu nakufa hapa. Nataka yeye lala kwa takataka?"

Hata mimi nilifoka. Nilimwita mjinga, na mpaka leo naona haya. Aliningoja nimalize, kama unavyomngoja mtoto amalize kulia. "Wewe nataka jua chuma gani ilikuwa wapi? Si uliza tu?"

Shamba lile alilipanda kwa mkono wake, mstari kwa mstari. Alichukua kipande cha panga la helikopta, lile linalozunguka juu, akahesabu mistari, akakiweka chini. "Hii ilikuwa hapa. Karanga yangu navunjika hapa, ona." Kisha kiti. Kisha mlango. Wenzake wakaingia, wakibishana na kutaniana, kila mmoja akitetea mstari aliofagia. Kufikia alasiri shamba lilikuwa limechafuka upya, vizuri kabisa. Mkuu wetu alichora ramani yake, na wakati wa kuondoka alimpa yule mama mkono kwa mikono miwili.

Ramani ilisema, na injini tulipoifungua ikakubali: mashine ilikuwa nzima. Mapanga yalirushwa mbali kwa sababu yalikuwa bado yanazunguka kwa nguvu. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Wanawake walisikia mlio tu, hawakuona kitu. Badala ya kurudi Arua, rafiki yangu alishuka chini akitafuta barabara aifuate, akagonga miti ya kilima kilicho juu ya shamba. Ripoti ikaandikwa: kosa la rubani. Nilitia sahihi yangu chini yake.

Njiani kwenda Logiri nilitunga uongo. Injini, mama. Ilizima ghafla. Nani angejua? Huku namgombeza marehemu kwa sauti, juu ya pikipiki: ungerudi tu, bwana! Wewe uliyekuwa unamkimbia hata mbwa wa jirani, ushujaa huo uliutoa wapi? Machozi yakaniziba macho, ikabidi nisimame.

Mama alinipa kigoda, akakaa mbele yangu. Nikaikumbuka ahadi yangu, uongo nikauacha.

"Mama, mashine haikuwa na shida. Alikosea mwenyewe. Aliona ukungu, akashuka badala ya kurudi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakuna kitu kingine kilichomvuta?"

"Hakuna, mama."

Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka majirani wakaja, nami nikajuta kufungua mdomo. Alipotulia aliwarudisha wote makwao, akaniambia. Siku ya mwisho mwanawe alipita pale, gari la jeshi likimngoja barabarani. Chakula kilikuwa tayari, naye akakataa kula. "Nikamwambia, nenda basi, na usirudi. Mimi, mama yake."

Kwetu neno la mama haliendi bure. Tangu maziko alikuwa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, na hakumwambia mtu, hata padri.

"Kosa lake," alisema, akijifuta kwa leso. "Mkaidi yule. Kosa lake mwenyewe."

Akainuka, akawasha moto, akasonga enyasa. Aliniwekea mbele yangu na mboga za ufuta, kisha akasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, njia ameiziba.

"Kula kwanza," akasema. "Ndipo uende."

Nilikula yote.