Zege, faiba au turubai? Bwawa lililokula sakafu yangu ya karafuu

Wakuu, assalaam alaykum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu aliyoniachia mjukuu, kwa hiyo mkikuta herufi zimekosana nisameheni. Skuli nimeishia darasa la nne. Lakini macho ninayo, na nitakayosema nimeyaona kwa macho hayo. Asiyeamini avuke aje Pemba, ashuke Mkoani, apande gari ya Kengeja, aulize kwa bibi mwenye bwawa. Hata kuku watamuelekeza.

Nimepita humu nimeona vijana mnabishana bwawa gani la kuchimbia chini linafaa nyumba mpya. Mwengine zege, mwengine faiba, kila mtu anatia picha za Ulaya. Mmegombana mpaka rangi ya vigae.

Hakuna hata mmoja aliyetaja jua.

Mie nina watoto sita na wote wamesoma. Mjukuu wangu wa kwanza anasomea udaktari Dar. Hilo halihusu bwawa, nimelisema tu mlijue.

Sasa mwanangu mmoja, Khamis, yuko Maskati na mkewe Asma na watoto wao. Kajenga nyumba hapa shambani, karibu na yangu. Nzuri, siwezi kusema uongo. Madirisha kama ya benki. Vyoo vinne, na wenyewe wanakuja likizo kisha wanaondoka. Nikasema mtu na chake.

Kisha akasema anataka bwawa la kuogelea, watoto wake wamezoea.

Nikamwambia mwanangu, Pemba hii imezungukwa na maji pande zote, weye unataka kuchimba mengine? Akasema bahari inakupwa, na mawe yanawachoma watoto miguu. Haya.

Ramani ikaja. Bwawa limekaa pale pale kwenye sakafu yangu.

Nyinyi wa bara huenda hamjui sakafu ni nini kwetu. Ni kiwanja cha saruji cha kuanikia karafuu. Ukishachuma na kutoa makonyo, vile vijiti vyake, unazimwaga pale, unazitandaza, unazipindua, jua linafanya kazi yake. Zikikosa jua zinavunda, zinapauka, hakuna mtu wa kuzitazama. Yangu aliimwaga marehemu mume wangu, pahala pekee katika shamba zima ambapo jua likiingia asubuhi halitoki mpaka jioni. Kwengine kote ni kivuli cha mikarafuu na midoriani.

Nikasema hapana.

Khamis akanipigia simu ya picha. Akasema kwa upole, upole ule anaosemeshwa mgonjwa:

"Mama, karafuu sasa basi. Umeshachoka. Pumzika."

Nani kaniona nimechoka? Mie asubuhi nimeshateka, nimeshapika, nimeshagombana na mbuzi wa jirani, yeye ndio kwanza anapiga mswaki. Na karafuu hizo ndizo zilizomvisha viatu vya skuli, leo anaziambia basi.

Wakuu, nilijua mwisho wake ni upi. Bibi akikosa pa kuanika, atauza mbichi. Akizoea kuuza mbichi, atakodisha mikarafuu. Akishakodisha, siku moja anaamka anaambiwa pale patapandwa majani ya kijani wageni wakae na viti. Nimeona mashamba mawili jirani yamekwisha hivyo hivyo, na wenye mashamba wamekaa barazani wanapumzishwa kwa nguvu.

Khamis akaniahidi sakafu mpya nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba kuna midoriani miwili minene. Jua pale linapita kama mgeni mwenye haraka, halikai hata kunywa chai.

Nikawalalamikia wanangu wengine kwenye grupu la familia. Wote wakawa upande wa ndugu yao. Mmoja katia kidole gumba tu, hata neno hakuandika. Nimemzaa mie huyo, kwa uchungu wa siku mbili.

Basi ikabaki kuchagua bwawa la aina gani, na hapo ndipo nilipokaa macho.

Akaletwa fundi kutoka Unguja, kijana mmoja msemaji sana, Makame. Akakaa barazani kwangu, anakula muhogo wangu, anamueleza Khamis kwenye simu. Mie nipo pembeni napepeta mchele. Hakuna aliyenielekezea simu. Lakini kila akimaliza aina moja, namuuliza swali moja tu.

Akaanza na faiba. Hilo ni bakuli kubwa linakuja zima kutoka kiwandani. Unachimba shimo, unalitumbukiza kama sufuria kwenye mafiga, kazi imekwisha. Khamis akalipenda papo hapo, maana yeye ni mtu wa haraka tangu tumboni.

Nikauliza, "Likikaushwa je?"

Makame akashtuka. Akasema faiba halikaushwi ovyo, ardhi ikijaa maji ya mvua linaweza kung'oka likapanda juu kama ngalawa.

Likaja la turubai. Unajenga kuta, ndani unatandika plastiki nene yenye maua. Asma akalitaka hilo, laini kwa miguu ya watoto.

"Likikaushwa je?"

Akasema plastiki ikipigwa na jua bila maji inasinyaa, inapasuka.

La mwisho zege. Nondo, kokoto, saruji, kisha vigae. Linachelewa, linasumbua, mafundi wanakaa mpaka unawajua na wake zao.

"Likikaushwa je?"

Akafikiri. Akasema, "Hili, Bi Mkubwa, maadamu mko kilimani na chini tumechimba hatukukuta maji, mnaweza kulikausha likakaa. Hata miezi. Lakini kwa nini mtu akaushe bwawa?"

Nikamwambia, "Kula muhogo, mwanangu."

Kuanzia hapo mie nikawa mtu wa zege.

Faiba nililiua kwa njia. Bakuli lile lisingepita kwenye kichochoro chetu mpaka ikatwe mikarafuu mitatu. Nikamwambia Makame aje na msumeno wake, na mie nitaleta kiti nikae chini ya mti wa kwanza. Turubai nililiua kwa mbuzi. Shoga yangu mmoja wa Mkoani, mkwewe ana nyumba ya wageni, mbuzi alitumbukia bwawani, kwato zikatoboa plastiki. Mbuzi alitoka mzima, bwawa likafa. Nikarekodi sauti, nikaitia kwenye grupu, na mlio wa mbuzi nikautia. Asma akasema basi, zege.

Wakadhani bibi kapoa.

Siku wanavunja sakafu nilikwenda kwa dada yangu Pujini nisisikie nyundo. Niliporudi nikakuta shimo. Sitaki kulisema sana hilo.

Bwawa likaisha. Vigae vya buluu, ngazi pana, ukuta mrefu kwa ajili ya stara. Wakaja, wakaogelea, wakapiga picha, wakaondoka. Sakafu ya nyuma ya nyumba? Mara fundi anaumwa, mara saruji imeadimika, mara inshaallah mwezi ujao.

Msimu ukaingia. Na mwaka huo, wakuu, mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama. Wachumaji wako juu, vikapu vinashuka, ukumbi wangu umejaa karafuu mbichi na majamvi yote yako kivulini. Nikampigia Khamis. Akasema, "Mama, mwezi ujao, nakuahidi."

Karafuu hazijui mwezi ujao. Zinajua leo.

Nikamuita Makame. Nikamwambia asitie dawa tena, maji yakae mpaka makali ya dawa yaishe, kisha alete pampu ayatoe yote.

Akauliza, "Mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe ndiye mie."

Tukalikausha. Tukalipangusa. Tukatandika majamvi, tukamwaga karafuu, na mie nikashuka kwa ngazi zile pana na reki mkononi kama bibi harusi.

Niwaambieni ukweli, sijapata kuanika karafuu pazuri kama pale. Vigae vinashika moto. Kuta zinazuia upepo. Kuku hawaingii. Mbuzi wa jirani anasimama juu anatazama tu, anakumbuka habari za mwenzake. Shida ni ule mteremko wa kwenda kwenye kina, huko jua linachelewa, kwa hiyo nikawa natumia zaidi upande wa watoto usio na kina, na jamvi moja moja kule chini. Bi Mize, jirani yangu, akaja kuchungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Shoga, mwanao kakujengea sakafu yenye ngazi na hajui."

Hajui kweli.

Siku moja nimepindua karafuu, nimeinua kichwa, nawaona wamesimama juu yangu. Khamis, taulo begani. Asma. Na watoto wameshavaa nguo za kuogelea na maboya mikononi. Walikusudia kunishtua. Wametoka bandarini moja kwa moja, watoto wamevalishwa garini.

Mtoto mdogo ndiye aliyetangulia kuuliza, "Bibi, maji yako wapi?"

Khamis akasema, "Mama, bwawa limefanywa nini?"

"Limefanywa kazi."

Asma akageuka ukutani, nikaona mabega yanamtikisika. Khamis hakucheka. Uso ulimbadilika, akawa kama baba yake akidhulumiwa kwenye mizani.

"Ungeniambia, Mama."

"Nilikwambia kabla hujavunja. Nikakwambia ulipovunja. Nikakwambia zilipoanza kushuka mtini. Kila mara unanijibu nipumzike. Haya, nimepumzika huku chini, kuna nafasi."

Akazitazama karafuu. Na mie nikaishika reki yangu, maana nilijua akisema zitolewe, zitatolewa. Nyumba yake, bwawa lake. Nitaziuza vile vile zilivyo, na mwakani nitakodisha mikarafuu, na yale niliyoyaogopa yatakuwa yameanza siku hiyo mbele ya macho yangu.

Basi Mungu akaleta wingu.

Lilitokea upande wa mashariki, jeusi, na tone la kwanza likanidondokea mkononi. Nikamwambia, "Khamis, wingu hilo." Sikumuomba. Nilimwambia tu.

Akatazama juu. Taulo likaanguka, viatu akavitupia hukohuko, akashuka ngazi mbili mbili. Hakuuliza lianziwe jamvi lipi. Alianza na la chini kwenye mteremko, ambako maji yangekusanyika kwanza, kama alivyofundishwa na baba yake akiwa na meno ya utoto. Asma akafunga baibui kiunoni akashika ncha ya pili. Watoto wanabeba vikapu na maboya yao mikononi. Mvua ilipomwagika kweli, karafuu zilikuwa ukumbini, na aliyelowa ni sisi tu.

Baadaye Khamis alikaa barazani, ananusa viganja vyake. Akachukua karafuu moja akaivunja kwa ukucha. Ikalia ka, imekauka.

Akasema, "Zimetoka nzuri."

"Jua la pale ndivyo lilivyo."

Akaitia kinywani. Kisha akasema, "Basi nyuma ya nyumba sijengi."

"Usijenge."

Mpaka leo ndivyo tunavyokwenda. Msimu wa karafuu bwawa kavu, msimu ukiisha linajazwa. Kwenye maungio ya vigae karafuu zimeacha rangi ya chai, Asma kasugua kwa kila dawa, haitoki, na kila akija ananionyesha kama mie sina macho. Sasa kinachonikera zaidi ni hiki. Juzi nimemsikia Khamis kwenye simu anawaambia wenzake wa Maskati kwamba bwawa lake kalichora liwe na matumizi mawili. Kalichora. Yeye.

Sasa funzo, maana humu mnapenda funzo. Kabla hujauliza fundi faiba au zege, simama kwenye kiwanja chako kutwa nzima utazame jua linakaa wapi, na umuulize anayeishi hapo analifanyia nini jua hilo. Ukiona utahitaji bwawa likae kavu, chukua zege. Na mlio bondeni msiniige, muulizeni fundi kwanza maji ya ardhini yako wapi, msije mkanilaumu.

Mwenye swali aulize, nitajibu nikipata miwani. Mwenye kejeli pia aje, nimezaa sita, sitishiki na kejeli.

Ila wajukuu wanasema maji ya bwawa lao yananukia pilau. Wameanza kuulizana kwa nini mabwawa ya Maskati hayanukii kitu.