Mkasi Uliovuka Chaki

Kwenye chumba chetu cha ushonaji tulimwita Mama Chaki, kwa kuwa mkasi wake haukuwahi kuvuka mstari wa chaki. Maisha nayo aliyakata hivyo hivyo. Mumewe alipomwacha, alijikaza kisabuni, akaja kazini na gauni lililopigwa pasi, akauliza kama uzi mweupe umefika.

Mpiga pasi wetu alikuwa na sauti tamu, akitusomea riwaya wakati wa chakula. Mama Chaki ndiye aliyeweka sheria: mkasi ukishikwa, kitabu kifungwe.

Safari hii ilikuwa riwaya ya mke mpole wa karani aliyeamka akatupa sahani dirishani, moja baada ya nyingine, kisha akatoka pekupeku kucheza mvuani. Sisi tulisema amepagawa. Mama Chaki akauliza jambo moja tu: ni sahani ipi iliyokuwa ngumu kuitupa, ya kwanza au ya mwisho? Mpiga pasi akasema kitabu hakikueleza.

Chakula kikaisha mume wa yule mke akiwa ndio kwanza anatokea mtaani. Mama Chaki akatandika hariri ya gauni la harusi la binti wa dada yake. Kitambaa kilitosha kwa shida, na dukani kilikuwa kimekwisha. Akashika mkasi.

"Soma kidogo," akasema, bila kuinua macho. "Nione atamfanyaje."

Tukatazamana. Mpiga pasi akasoma. Mume alifika, akamtazama mkewe, akainama kufungua kamba za viatu vyake mwenyewe. Mkasi ukawa unakwenda. Ukavuka chaki, ukaukata mkono wa gauni katikati.

Mama Chaki akauinua ule mkono, akachungulia upande wa pili, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakalia gunia la mabaki, machozi yakimtiririka, nasi hatukujua tumshike au tumwache.

Binti akaingia kupimwa, akamkuta hapo chini. Mama Chaki akamweleza yote, hakuficha kitu.

Binti akautazama mkono uliokatika. "Kumbe hata wewe, mama mdogo?" Akakunja mikono ya blauzi yake hadi juu ya viwiko. "Basi iwe mifupi. Joto lenyewe hili."

Mama Chaki akajifuta uso, akamgeukia mpiga pasi.

"Sahani ya kwanza," akasema, "wala huioni ikitoka mkononi. Haya, endelea."