Atakuwa Mitano Sasa

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika kadi nyingi, na moja kati ya hizo niliiandika vibaya. Nyinyi mnaoanza kazi hizi leo mtaniuliza kadi moja ni kitu gani. Subirini kwanza. Nimestaafu siku nyingi, na bado nikiikumbuka sikai kitini nikatulia.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa Mtaa wa Msimbazi. Shirika letu lilipokea kina mama na watoto waliokimbia vita ng'ambo ya Mto Ruvuma, likawahifadhi katika nyumba kubwa ya Ilala, upande wa Mchikichini. Nyumba ile ilikuwa ya mama mwenye mtoto tu. Mwanamke aliyekuja peke yake alipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi kusini. Waliotusaidia walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Ulaya. Kila mmoja wao alitumiwa kadi ya mama mmoja na mtoto wake, akawafanya kama ndugu zake wa mbali.

Niliajiriwa kama karani wa masjala, yaani mtunza majalada, lakini kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha shule ya misheni kule Moshi, nilibebeshwa na ukalimani. Mkubwa wangu tulimwita Ndugu Mratibu, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile ya Ujamaa. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulionishinda.

Siku hiyo ya kwanza foleni ilijaa ngazi zote. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa likijengwa, nyundo zinapigwa tangu asubuhi, nami nilitaka kuonyesha kwamba msichana wa Kichaga anaweza kazi. Nikawa nakimbiza watu.

"Jina?"

"Mama Rosa."

Hapa mjini hilo ni jina kamili, hakuna anayeuliza zaidi. Nikaandika.

"Rosa ana miaka mingapi?"

Alifikiri kidogo. "Atakuwa mitano sasa."

Kila mama asiye na cheti cha mtoto hujibu hivyo: atakuwa mitano, atakuwa sita. Nikaandika: mtoto mmoja, Rosa, miaka mitano. Ngazi zilikuwa zimejaa watoto, na sikuuliza wake ni yupi. Nikaita mwingine.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ilala kukagua, nikamuuliza Mama Rosa mtoto wake yuko wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mzaha msibani. Walipokuwa wakikimbia, Rosa alikuwa amebebwa na bibi yake. Kundi lao likagawanyika kabla ya kuvuka mto, na tangu hapo hakuwaona tena.

"Lakini uliniambia ana mitano!"

"Nilikwambia atakuwa mitano, dada. Sikukwambia yuko hapa."

Nilirudi ofisini mbio. Ndugu Mratibu alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake.

"Dada Anasia, kadi imeshasafiri. Tukisema hii moja si ya kweli, watatuamini nyingine? Na yeye tumtoe Ilala tumpeleke wapi? Tuiache."

Tukaiacha. Nilijiambia kwamba nimemfadhili mama wa watu, na kwa muda nikaamini.

Kisha ikaja barua kwamba wafanyakazi watano wa kile kiwanda wanakuja kuona kazi yetu. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa mkata vitambaa, alikuwa amemshonea Rosa gauni kwa mikono yake, kwa kipimo cha mtoto wa miaka mitano. Ndugu Mratibu akaniagiza nitafute mtoto wa umri huo. Chumba cha pili kulikuwa na Lusia, binti mchangamfu, na mama yake hakukataa. Kazi ngumu ilikuwa kumwomba Mama Rosa amshike mkono kama mwanawe.

Akauliza, "Hao wageni wanaweza kufika hata kwetu?"

"Watu wao wanafika kila mahali," nilisema, ili tu akubali.

"Basi nitakuwapo."

Wageni walipofika, tuliwapitisha Kariakoo, wakanunua machungwa na kuamkia kila mtu shikamoo, hata vijana wa kubeba mizigo, nao vijana wakaitikia marahaba kwa vicheko. Mimi sikuweza kucheka.

Ilala tuliketi kwenye mikeka uani. Yule mkata vitambaa akapiga magoti, akamvalisha Lusia gauni, akamwita Rosa. Lusia akazunguka ili liruke. Hapo Mama Rosa akanishika mkono.

"Dada, mwambie huyu ni Lusia. Rosa wangu yuko na bibi yake ng'ambo ya mto. Ana kovu hapa, chini ya kidevu. Mwambie tafadhali wamtafute."

Kanuni ya ukalimani ni fupi: huongezi, hupunguzi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndugu Mratibu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaninong'oneza, "Mwambie anashukuru."

Nikamwambia mgeni kwamba anashukuru sana.

Yule mama wa Ulaya akatokwa na machozi, akamkumbatia Mama Rosa. Naye Mama Rosa, alipoyaona machozi yale, akanigeukia uso ukimng'aa.

"Ameelewa?"

"Ameelewa," nilisema.

Tangu hapo alipanda ngazi zetu kila mwezi. "Wamejibu?" Nami namjibu, "Bado." Mara ngapi nimeweka karatasi kwenye taipu niwaandikie wale wa kiwandani ukweli! Anwani niliijua kwa moyo, maana mimi ndiye niliyeipiga kwenye bahasha zote. Nilijidanganya kwamba nawaogopea kina mama wengine wasifungiwe msaada. Kweli yenyewe ni kwamba niliona aibu, na nilimwogopa mkubwa wangu. Nilichana karatasi zile vipande vidogo vidogo, nikatoka kuzungukazunguka Kariakoo bila shida ya kununua kitu.

Baadaye nilihamishiwa wizarani, nikawa mkalimani wa mikutano, kisha nikawa nawafundisha wengine. Siku ya kuniaga walisimama wakanipigia makofi, wakasema Bibi Anasia hakupoteza neno la mtu hata moja. Nilitaka kutoka mle ukumbini. Nikakaa, nikala keki yao.

Kwa hiyo vijana, kabla hamjaandika umri wa mtoto, ulizeni yuko wapi. Kuhusu ujasiri, sina haki ya kumfundisha mtu.

Vita vilipokwisha huko kwao, kabla sijahamishiwa wizarani, lori lilikuja Ilala kuwachukua. Mama Rosa alikuwa na mkeka na sufuria mbili. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa yote niliyomfanyia.

"Dada, wakijibu, waambie nimerudi. Wasimlete Dar es Salaam, atanikosa."

Akanitajia jina la kijiji chao, akalirudia taratibu nisije nikakosea. Nikatoa kalamu nikaandika, naye akasimama pale, lori linapiga honi, mpaka nilipomaliza.