Meno Madogo ya Ile Chene

Kichwa kilikuwa katika majani, muguu wa kushoto chini ya gogo la muvula. Mashini ya kukatia miti iliendelea kunguruma karibu na sikio langu. Nilinyoosha mukono nikaizima, ndipo nikasikia kumbe nilikuwa ninalia muda wote. Mwenzangu, yule tuliyepasua naye mbao, alisukuma gogo kwa bega. Wapi!

"Ndugu, usifunge macho! Nakimbia kuita watu mashambani!"

Nikabaki na gogo. Nikijivuta, maumivu yananirudisha. Chene ya mashini, ule munyororo wenye meno, ilikuwa kiganja kimoja mbele ya uso wangu. Sikuwa na kingine cha kuangalia. Niliangalia meno yake mpaka watu wakafika na miti ya kubinulia gogo, jua limeshavuka utosi.

Mimi sikusoma sana, shule niliiacha mwaka wa tatu. Lakini chene ninaijua. Tupa ya kuinoa nilichagua mwenyewe sokoni Kasongo. Muuzaji alinisukumia ile ya pembe tatu, ya kunolea panga.

"Papa, tupa ni tupa."

"Basi wewe unyoe ndevu kwa shoka," nikamujibu.

Nilikuwa na kipande cha chene ya zamani mufukoni. Nilijaribu tupa za muviringo moja moja katika jino lake, mpaka nikapata ile iliyokaa vizuri, mugongo wake ukichungulia kidogo tu juu ya jino. Porini, upande wa Wamaza, nilikuwa ninachanja kisiki, ninabana humo upanga wa mashini, kile chuma kirefu kinachobeba chene, usitikisike, halafu kila jino mara tatu, kusukuma mbele tu. Meno ya kushoto ni sawasawa na ya kulia. Ukilegeza upande mumoja, mashini inakata upinde, inaacha ule mustari tuliopiga kwa kamba yenye weusi wa betri za redio.

Na mbele ya kila jino iko kajino kadogo kasikokata. Kanazuia jino kubwa lisiume muti kupita kiasi. Hako sikuwa ninakashusha hovyo.

Mwenye mashini, patron wetu, alikuwa amechukua kadi yangu ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho changu, tangu siku ya kwanza. "Utaipata mbao zikiisha," alisema, eti nisitoroke na mashini yake. Bila kadi, kizuizi cha kwanza njiani kinakushika. Nilikaa pale porini sawa kuku aliyefungwa miguu.

Siku moja alifika na pikipiki, akanikuta ninanoa.

"Unabembeleza chene kama bibi arusi! Watu wa Lusangi wanamaliza muti kwa siku mbili."

"Patron, muvula inaotesha mawe ndani ya muti wake. Mashini ikigonga jiwe, lazima ninoe."

"Mawe iko katika kichwa chako."

Akafungua chene, akaipeleka Kasongo kwa shemeji yake mwenye jiwe la umeme la kusagia vyuma. Siku ya tatu akairudisha. Meno yalikuwa ya buluu, yameungua. Na yale madogo yamesagwa yakalala.

"Patron, hii itaruka."

"Ni mimi nilimuambia ayashushe, iume vizuri. Unafanya kazi ama unarudi kwako bila kadi?"

Chene niliifunga mimi mwenyewe. Hilo sifichi. Ilikula muti kama matope, patron akacheka, akawasha pikipiki yake akaenda. Kabla ya saa sita ncha ya upanga iligusa gogo, mashini ikaruka juu. Nikaanguka kinyumenyume, kisigino kikapiga kigingi kilichozuia gogo, nalo likabingirika.

Leo goti halikunjiki. Siwezi kupanda mulima wa shamba langu mwenyewe. Mbele ya chefu wa kijiji, patron alisema: "Alinoa vibaya." Chefu, ambaye mbao za nyumba yake zilitoka kwa huyu huyu patron, akakata neno kwamba ni ajali ya pori, basi. Shemeji hakuitwa hata. Chene hakuna aliyeiomba, na patron ameificha.

Pori halina tupa. Pori halisagi meno ya chene. Wewe patron uilete mbele ya watu wote, na shemeji yako asimame kando yako. Chefu naye aishike kwa mikono yake. Halafu mujibu, mumoja mumoja: nani alivunja muguu wangu?