Deraman arudi kwenye patasi, mashua za faiba zapata sura

Patasi inazama kwenye mti, vumbi linarukia sahani ya wali. Kelthum, mkewe Deraman Semaun, anaisogeza sahani. Mumewe haoni. Asubuhi hii, nyuma ya jiko lao huko Bachok, pwani ya jimbo la Kelantan, anamalizia shingo ya ndege ambaye manyoya yake yanageuka kuwa majani.

Kifaa hicho chenye shingo ya ndege huitwa bangau. Hufungwa ubavuni mwa mashua ili kushika mlingoti unapolazwa, na kwa wavuvi wa hapa ndicho sura ya mashua yenyewe.

Deraman, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, alirithi ufundi kwa mjomba wake. Kisha mashua za mbao zikaoza moja baada ya nyingine, zikaja za faiba. Kwa miaka minne akawa anakaanga vitafunio vya samaki kando ya barabara, akipata ringgit thelathini, fedha ya huko, siku ikiwa njema.

"Mikono ilinuka mafuta," anasema. "Usiku nikawa naota mbao."

Mwaka jana akaja Jusoh, mvuvi aliyekua naye, mwenye mashua mpya.

"Man, nichongee bangau. Chombo changu kama beseni la kufulia. Nikipita, wenzangu wananiuliza sabuni iko wapi!"

"Mimi sichongei plastiki."

Wiki nzima hawakusalimiana. Kelthum ndiye aliyechoka, akamuuliza mumewe:

"Baba Nab, anayekwenda baharini ni plastiki au ni Jusoh?"

Jioni ile Deraman alikwenda mwenyewe kupima mashua. Misumari ingeupasua ubavu wa faiba, basi akachonga tandiko la mbao la kushikilia bangau, akalivisha mpira wa tairi kuukuu, akalikaza kwa bolti. Kelthum akapaka rangi.

Siku ya kuishusha mashua majini, Jusoh hakuvua kitu. Alizunguka mlangoni mwa mto mpaka petroli ikamwishia, akavutwa kwa kamba.

"Nilitaka waione pande zote," anajitetea.

Tangu hapo Deraman hajagusa karai la mafuta. Shingo anayoichonga leo ni ya Wok, shemeji yake Jusoh, naye Jusoh ameshapita kuonya isipendeze kuliko yake.

"Itapendeza zaidi," anasema Deraman. "Atanuna, halafu ataleta mti mwingine. Kwa wivu wa hawa watu, nitachonga mpaka nizeeke."

Kelthum anaangua kicheko. "Kwani bado?"