Kiti cha Mwakilishi wa Serikali

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa siku ya kuapishwa kwa Gavana wetu wa jimbo, na nilimkuta amekaa kiti kisicho chake. Mimi nilikuwa ofisa itifaki, yaani mpangaji wa nani akae wapi na nani aingie mwisho. Nilimwinua kwa heshima.

"Kumbe hiki ni cha nani?"

"Cha mwakilishi wa serikali kuu, Mheshimiwa. Asipofika, shughuli haianzi."

Akacheka. "Basi hata mimi nasubiri."

"Wote tunasubiri, Mheshimiwa."

Hakumaliza hata msimu mmoja wa mvua madarakani. Waziri aliyekuja kumwapisha kwa mbwembwe hakupiga hata simu. Tukiwa mezani mchana, redio ikasoma jina la gavana mwingine. Aliweka kijiko chini, akaniuliza amekosa nini. Sikujua. Vijana mnaotamani vyeo, hivyo ndivyo watu walivyotolewa, bila sababu wala asante.

Vita vilitukimbiza, na miaka ya elfu mbili ikatukuta Toronto. Yeye alilinda ghala huko Downsview, mimi nilifunga maboksi ghala la jirani. Jumapili, kanisani Scarborough, nilimkalisha mbele. Watu walinicheka, nikawapuuza. Kila kiongozi wa nyumbani alipokuja kutuhutubia, Gavana alivaa suti yake ileile, akasimama mlangoni ili aulize swali lake moja tu: alikosa nini? Kiongozi mmoja alimdhania mhudumu wa ukumbi, akamkabidhi koti. Gavana alilishika mpaka hotuba ikaisha. Niliumia sana siku ile.

Saratani ilipomlaza, aliniambia, "Nikifa, angalau watu wa serikali waje mara moja."

Nilipiga simu ubalozini, wakaahidi kuleta mtu. Siku ya mazishi niliweka kiti kando ya kaburi, nikakitandika kitambaa cheupe. Baridi ilikuwa kali. Mchungaji alinitazama, wachimba kaburi wakatazama saa. Kiti kilikuwa kitupu. Neema, binti yake aliyekulia hapa, akanigusa bega.

"Anko, hakuna mtu anakuja. Tuanze, please."

"Bado kidogo, mwanangu."

"Daddy amesubiri enough."

Nikamkalisha yeye kwenye kile kiti, nikamwashiria mchungaji aanze.

Sasa nimestaafu hata maboksi. Wajukuu wakiniuliza itifaki ilikuwa kazi gani, nawaambia ilikuwa kupanga viti. Nilimfundisha mtu mwema kumsubiri asiyekuja, naye akanisikiliza mpaka mwisho.