Picha ya Bibi kwa Majani ya Mpera

Harufu ya majani ya mpera yakichemka pamoja na magadi bado hunirudisha nyumbani kwa bibi, karibu na Mkata, mwaka ule tulipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Magadi sisi tuliyazoea kwenye maharage. Mjomba, kitindamimba wa bibi, aliyatia kwenye sufuria ya majani ili asafishie picha. Aliwahi kufanya kazi katika studio ya Mhindi mmoja mjini Korogwe. Dawa za kusafishia picha zilipoadimika studio ikafungwa, naye akarudi na karatasi chache za picha. Kamera yake ilikuwa kopo la maziwa alilolipaka masizi ndani na kulitoboa kwa sindano; karatasi ilikaa humo, ikanasa picha polepole kwa mwanga wa tundu hilo. Karatasi ziliharibika moja moja akijaribu majani ya kila namna, mpaka ikabaki ya mwisho. Hiyo alimwekea bibi. Lori lilikuwa linakuja kesho yake, na bibi alitaka jambo moja tu: aonekane mbele ya nyumba aliyozalia wanawe, kabla haijabomolewa.

"Mama, usitikisike mpaka nizibe tundu."

"Nikae kama maiti?"

"Heri maiti, hana maneno."

Bibi alicheka, akajitanda khanga, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilijificha nyuma ya mlango; niliona haya hata mbele ya kopo. Mjomba alipofungua tundu tu, majirani wakaanza kupita na mizigo yao.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi akageuka. "Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Na mama yako, mguu unaendeleaje?" Akaja mwingine, akageuka tena, akainamisha kichwa, akaitikia kila salamu.

"Mama, jamani, tulia!"

"Watu wanahama, wewe. Niwaache wapite kama mbuzi?"

Jioni tuliziba dirisha la chumba kwa mkeka, mjomba akailoweka karatasi kwenye maji yale ya kahawia. Nyumba ilitokea, weusi na weupe vimebadilishana mahali, hata nyasi za paa zikaonekana. Mikono ya bibi ilitokea, imetulia magotini. Penye uso palikuwa na ukungu. Mjomba aliinama, akaitikisa karatasi majini kana kwamba uso ungetokea. Bibi ndiye aliyembembeleza: "Utanipiga nyingine huko tuendako." Alifariki huko kijijini kabla karatasi nyingine haijapatikana.

Siku hizi binti yangu hupiga picha hata ya chai kabla hajainywa. Mwaka jana aliniuliza bibi yangu alifananaje. Nilianza kumweleza, nikakwama. Sauti yake ninayo, sura imenitoka. Nikamtolea ile karatasi, ambayo maji ya chumvi, aliyoyatumia mjomba kuikaza picha badala ya dawa ya studio, hayakuweza kuizuia isizidi kuwa nyeusi kila inapoona mwanga. Akaipiga kwa simu upesi, akaikuza, akaikuza tena, mpaka vikabaki vidoadoa vya kijivu.

"Mama, uso hauko."

Nikamwambia, hauko.